Pareto na Mito ya Ulaya

Kwaru, kwaru, kwaru.

Jogoo alikuwa bado hajawika, na Chepchirchir alikuwa bado amejifunika blanketi mpaka puani, lakini sauti ile ilimwambia kwamba mama mkwe wake ameamka zamani. Kogo Jerop, yaani bibi Jerop kwa lugha yao, alikuwa jikoni akisugua vibuyu vya maziwa kwa ndani, akizungusha kijiti chenye kaa la moto mpaka moshi wake mtamu ukapenya nyumba nzima. Siku nyingine husugua kibuyu kimoja akarudi kulala. Leo sauti haikuwa na mwisho.

Chepchirchir akajifunga leso, akaenda jikoni. Vibuyu vyote vya nyumba vilikuwa vimepangwa kando ya moto kama watoto wanaongoja kuogeshwa.

"Kogo, unataka kunywesha jeshi?"

"Wanakuja watu wa kugombana," Kogo akasema bila kuinua macho. "Watu wa kugombana lazima wanywe sana."

"Na wakikataa?"

"Nani atakataa? Kimutai? Namjua mama yake. Hathubutu."

Chepchirchir akacheka, ingawa alikuwa na hofu juma zima. Hivyo ndivyo alivyoumbwa. Wenzake wakiogopa hulia, yeye akiogopa hucheka. Siku ya harusi yake alicheka mpaka mhubiri akafunga kitabu na kungoja.

Katika nyumba ya Kogo Jerop kulikuwa na sheria moja, na kila jirani aliijua. Mtu aliyeshika kikombe cha maziwa hagombani. Akitaka kugombana, anywe kwanza amalize, akigeuze kikombe kifudifudi mezani, ndipo afungue mdomo. Na yule ambaye hajageuza kikombe chake hana ugomvi na nyumba hiyo. Kogo aliirithi sheria kwa mama yake, na kwa sheria hiyo alikuwa ametuliza wakwe, wezi wa mbuzi, na siku moja hata askari wa kodi. Ujanja wake ulikuwa mmoja tu: hujaza kikombe kabla hakijaisha.

*

Ugomvi wenyewe ulikuwa wa darasa la tatu.

Mwaka ule wa hamsini na nane, ofisi ya elimu kule Nakuru ilitaka silabasi mpya. Waliteuliwa watu watatu wa kuandika vipimo vya darasa la tatu, yaani mtoto awe anaweza nini kabla hajapandishwa kwenda la nne. Walimu waliwakilishwa na Micah Kipkemboi, mume wa Chepchirchir, aliyefundisha katika shule ndogo ya shamba la mzungu, nje kidogo ya Njoro. Baraza la wilaya lilimleta Mheshimiwa Kimutai. Mwenyekiti wao alikuwa Bwana Ishak, karani mkuu wa elimu, mtu wa mjini ambaye babu yake alitoka pwani, na ambaye hakupenda kelele.

Walikuwa wameshakutana Njoro, wakaachana bila kuagana. Mheshimiwa alitaka iandikwe kwamba mtoto wa darasa la tatu awe anaweza kuchuma gunia zima la maua ya pareto kabla ya saa sita, na kusoma kufuate nafasi ikipatikana. Micah alitaka iandikwe kwamba mtoto huyo aseme hesabu za kuzidisha kwa kumi na tatu akianzia mwisho kurudi mwanzo, na ataje mito ya Ulaya kutoka kaskazini hadi kusini.

"Mito ya Ulaya!" Mheshimiwa alikuwa amepiga kelele. "Wataenda kuchota maji huko?"

"Na pareto hiyo wataichuma ya nani?" Micah akamjibu. "Wewe si una shamba?"

Hapo ndipo Mheshimiwa alipovaa kofia yake na kusema taratibu, "Mwalimu, kule Marigat wanatafuta mtu hodari kama wewe. Joto la kule linawafaa wakaidi."

Micah alirudi nyumbani na maneno hayo kama mtu aliyerudi na mvua mgongoni. Nyumba waliyokaa ilikuwa ya shule. Mwalimu akihamishwa, wote wanatoka siku hiyo hiyo, ng'ombe na vibuyu na kila kitu. Na Kogo alishasema wazi kwamba yeye hahami tena. Wazungu walimhamisha akiwa msichana, wakamhamisha akiwa na mtoto mgongoni, na sasa magoti yake yalikuwa yamechoka kuhamishwa.

"Basi kubali pareto yao," Chepchirchir alimwambia mumewe.

Papo hapo Chepchirchir akatamani maneno yake yarudi mdomoni. Alikumbuka mwaka ule mumewe alipokubali watoto wa shule wachukuliwe kung'oa viazi mwezi mzima. Micah aliacha kula. Alikuwa akikaa mlangoni jioni akikunja na kukunjua kitambaa cha kufutia ubao. Chepchirchir hakutaka kuhama, lakini kitambaa kile hakutaka kukiona tena.

*

Mkutano wa pili ulifanywa nyumbani kwao kwa sababu shule ilikuwa imejaa ngano. Mwenye shamba alikuwa amevuna vizuri, ghala lake likafurika, akaamuru magunia yatiwe darasani. Wiki nzima watoto walikuwa wakisomea nje, migongo yao ikiegemea ukuta.

Bwana Ishak alifika wa kwanza, kwa baiskeli aliyoazimwa na mkuu wa stesheni. Alivua kofia, akamwinamia Kogo.

"Shikamoo, Bi mkubwa."

"Marahaba. Umekonda. Kaa."

Kisha likaja lori la maziwa, na kando ya dereva, mkoba mapajani, alikaa Mheshimiwa Kimutai. Alivaa suti nyeusi na viatu vinavyong'aa kama jicho la ndama. Alipofungua mlango, mkebe mmoja wa maziwa uliteleza, ukamwagia kiatu cha kushoto. Kabla hajatukana, Chepchirchir alikuwa ameshapiga goti na kitambaa mkononi, akakifuta mpaka kikang'aa tena.

"Asante, mama," Mheshimiwa akasema, akatazama pembeni. Hakuzoea kufutwa viatu na mke wa mtu ambaye yeye mwenyewe alimtisha.

Ndani, Kogo aligawa maziwa. Yalikuwa mazito, yaliyolala chunguni siku nyingi kabla ya kutiwa vibuyuni, yenye rangi ya majivu kwa ule mkaa wa kibuyu. Bwana Ishak akatazama ndani ya kikombe chake kama mtu anayetazama kisima. Akameza mate. Akasema bismillahi kwa sauti ya kuaga dunia.

Chepchirchir alimwonea huruma. Alipita nyuma yake, akachukua kikombe kile, akakirudisha kina chai moto. Kogo aliona.

"Huyo mwache," akasema. "Huyo hana ugomvi na mtu. Anywe anachotaka."

"Tuanze," Bwana Ishak akasema, uso wake umerudiwa na rangi. "Leo jioni lazima nipande treni na karatasi iliyokubaliwa. Mheshimiwa?"

"Mimi msimamo wangu ni ule ule," Mheshimiwa akasema, sauti ikipanda. "Watu walionichagua wanataka watoto wenye mikono, si watoto wenye—"

"Maziwa," Kogo akasema.

Mheshimiwa akasita, akanywa funda. Kogo akamjazia.

"Na mimi nasema," Micah akadakia, "shule si shamba! Shamba ni—"

"Na wewe pia. Maziwa."

Micah akanywa. Kogo akamjazia.

Wakaendelea hivyo. Kila mmoja akifika katikati ya sentensi yake tamu, kikombe kinaletwa. Bwana Ishak alikuwa ameshika kalamu juu ya karatasi, hajaandika hata nukta. Chepchirchir alijificha nyuma ya pazia la jikoni, amejiziba mdomo kwa leso, mabega yakitikisika.

Mwishowe Mheshimiwa aligundua njia. Akamtazama Micah. Micah akamtazama yeye. Wote wawili wakainua vikombe kwa pamoja, wakaanza kugugumia, koo zikipanda na kushuka, kila mmoja akitaka kuwa wa kwanza kuwa huru kugombana. Kogo alinyoosha kibuyu, lakini magoti yalimchelewesha.

Pwa! Mheshimiwa akageuza kikombe chake kifudifudi mezani.

Pwa! Micah akageuza chake.

Chepchirchir akaacha kucheka. Vikombe viwili vilikuwa vimelala kifudifudi mezani, na katika miaka yote aliyokaa na Kogo hakuwahi kuviona viwili kwa pamoja. Kogo mwenyewe akakaa chini polepole, kibuyu mapajani.

"Sasa," Mheshimiwa akasema, masharubu yake meupe kwa maziwa. "Pareto, au Marigat. Chagua."

"Wewe tangu uingie barazani umeshika ua la pareto lini?" Micah akauliza. "Gunia kabla ya saa sita? Wewe mwenyewe huwezi!"

"Mimi? Mimi nimechuma pareto kabla wewe hujajua kujifuta kamasi!"

"Basi chuma! Nyuma ya nyumba kuna kishamba cha mke wangu. Chuma tuone!"

"Nitachuma! Na wewe useme hesabu zako za kumi na tatu kinyumenyume, hapo hapo, bila kusita! Mwenyekiti ndiye shahidi!"

"Waungwana," Bwana Ishak akaanza, lakini waungwana walikuwa wameshatoka.

*

Kishamba cha Chepchirchir kilikuwa kimechanua. Maua yalikuwa meupe na vitovu vyake vya manjano, yamejaa mpaka kwenye uzio. Chepchirchir alimletea Mheshimiwa gunia na kumfunga kikapu kiunoni, juu ya koti la suti. Bwana Ishak akaletewa kiti kutoka ndani, akakaa kama hakimu na chai yake.

"Anzeni," akasema kwa unyonge.

Mheshimiwa akainama, akachuma kwa mikono miwili, haraka kweli kweli, maua yakiruka kikapuni. Micah alisimama mwisho wa mstari, mikono nyuma, kidevu juu.

"Kumi na tatu mara kumi na tatu, mia moja sitini na tisa! Mara kumi na mbili, mia moja hamsini na sita!"

"Chya!"

Ilikuwa chafya ya Mheshimiwa. Vumbi la pareto lilikuwa limempanda puani.

"Mara kumi na moja," Micah akaendelea, "mia moja arobaini na—"

"Chya! Chya!"

"—na tatu! Mara kumi, mia moja thelathini. Mara tisa, mia moja na—"

"Ha... ha..." Mheshimiwa alisimama wima, macho yamefumba, kidole kimoja hewani. Wote wakangoja. Hata Micah alingoja. "...CHYAA!"

Kofia ikaruka, ikaangukia katikati ya pareto. Ng'ombe kule zizini akaitikia kwa mlio mrefu.

"Mia moja na..." Micah akasema. "Mia moja na... Mheshimiwa, tafadhali! Umenikatia njia!"

"Siwezi—chya!—kuzuia!"

"Mia moja na ishirini!"

Bwana Ishak akahesabu kwa vidole. "Si ishirini, Mwalimu."

"Na tisa!"

"Wala si tisa."

Mheshimiwa, machozi yakimtiririka, akaanza kucheka katikati ya chafya. Chafya ikigongana na kicheko, ikawa kitu cha tatu ambacho hakina jina. Akakaa chini, katikati ya maua, na suti yake nyeusi. Micah alimkazia macho, akataka kukasirika, akashindwa. Akashika magoti yake, akacheka mpaka akakohoa.

"Mwenye nyumba naye ajaribu!" Mheshimiwa akapiga kelele. "Mama, njoo ushindwe na wewe!"

Chepchirchir akaingia shambani mbio, akichuma huku na kule, akipiga kelele, "Mara tisa, mia moja na mbuzi! Mara nane, mia moja na kuku!" Akajikwaa kwenye gunia, akaanguka chali, akabaki hapo hapo akitazama mawingu, amechoka kwa kicheko. Hofu yote ya juma lile ilimtoka kifuani kama mvuke unavyotoka chini ya kifuniko.

Bwana Ishak akainuka, akachungulia kikapu, kisha gunia. Maua yalikuwa yamefunika sehemu ya chini tu, na nusu yake ilikuwa vikonyo.

"Kwa mamlaka niliyopewa," akasema, na midomo yake ilikuwa inatetemeka, "Mheshimiwa hakupita darasa la tatu. Mwalimu naye hakupita. Wote mtarudia mwaka."

*

Kogo alitoka na maji ya kunawa na kitambaa safi. Alimfuta Mheshimiwa uso kama anavyofutwa mtoto, kwanza jicho moja, kisha la pili, kisha pua. Mheshimiwa akaacha afutwe.

"Ulikuwa unapiga chafya hivi hivi ukiwa mdogo," Kogo akasema. "Mama yako alikuwa akituambia. Kila jioni ukitoka shambani."

 Chepchirchir, akiokota kofia na kuikung'uta, alimwona Mheshimiwa uso ukimbadilika.

"Mimi niliishia darasa la pili, Kogo," akasema. "Nilipelekwa kwenye pareto, sikurudi tena. Wenzangu walienda la tatu. Walikuwa wakipita asubuhi kando ya uzio na vibao vyao, na mimi ndani na kikapu. Nikawa najiambia kwamba hii nayo ni shule." Akaangalia mikono yake iliyoingia manjano. "Nilitaka iandikwe. Iandikwe tu mahali kwamba ile nayo ilikuwa darasa la tatu."

Hakuna aliyecheka sasa. Upepo ulipita juu ya maua, ukayainamisha yote upande mmoja.

Micah alikwenda akaketi chini karibu naye, suruali yake ya kazi ikachafuka. "Na mimi ile mito ya Ulaya," akasema, "nilichapwa kwa ajili yake. Kila nilipokosa mto, kiboko kimoja. Nikadhani kitu kilichoniuma hivyo lazima ni cha maana."

"Imekusaidia nini?" Mheshimiwa akauliza.

"Mpaka leo? Hakuna hata mmoja ulionisaidia."

Mheshimiwa akapiga chafya ndogo, ya mwisho mwisho. Kogo akarudi ndani, akatoka na kikombe kipya cha maziwa, akamtilia mkononi.

"Andika, Bwana Ishak," Micah akasema. "Mito ifute."

"Na pareto?" Bwana Ishak akauliza, akimtazama Mheshimiwa.

Mheshimiwa alikunywa funda, akafikiri. "Mtoto asichume wakati wa masomo," akasema taratibu. "Si yangu mimi, wala ya mzungu. Lakini kazi aliyofanya nyumbani isidharauliwe."

"Basi," Micah akasema, na Chepchirchir akasikia sauti ya mumewe ikipata uhai ule wa darasani, "mtoto wa darasa la tatu aweze kusimama mbele ya watu, aeleze kazi anayoifanya kwao kwa mikono yake, kisha aiandike mwenyewe, na asome alichoandika. Kama ni pareto, pareto. Kama ni ng'ombe, ng'ombe. Na ahesabu alichochuma."

"Kuanzia mwanzo kwenda mwisho," Mheshimiwa akasema.

"Kuanzia mwanzo kwenda mwisho," Micah akakubali.

Kalamu ya Bwana Ishak ikakimbia kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. Alipomaliza, Mheshimiwa akakohoa.

"Kitu kimoja, Mwalimu. Barazani nitasema ni wazo langu."

Micah alifungua mdomo. Chepchirchir alimwona akilitafuna neno lake kama mtu aliyeuma jiwe kwenye wali. Alipenda sifa, mumewe, kama mtu mwingine yeyote. Akalitafuna, akalimeza.

"Sema ni lako."

"Ndiyo siasa, ndugu yangu."

"Na Marigat?" Chepchirchir akauliza. Sauti ilimtoka kubwa kuliko alivyotaka.

Mheshimiwa akapokea kofia yake kutoka mkononi mwake, akaona kwamba imekung'utwa mpaka mkunjo wa mwisho. "Marigat watapata mtu mwingine, mama. Huyu hajui hata kumi na tatu mara tisa. Nitampelekaje?"

*

Honi ya lori la maziwa ilisikika barabarani. Bwana Ishak alikunja karatasi, akaitia mfuko wa ndani, akapanda baiskeli. Chepchirchir alikuwa amemfungia viazi vya kuchemsha kwenye kitambaa, vya njiani, na ingawa treni haikuwa ya mbali, alivipokea kwa mikono miwili.

Mheshimiwa alitaka kumaliza kikombe chake aondoke kwa adabu. Alikiinua mdomoni, lakini Kogo aliweka kiganja juu yake.

"Usimalize."

"Kogo, lori linaningoja. Siwezi kuacha maziwa yako."

"Acha." Akakitwaa kikombe kikiwa nusu, akakifunika kwa kisahani, akakiweka juu ya rafu, mbali na vile viwili vilivyokuwa bado kifudifudi mezani.

Mheshimiwa alikitazama kile kikombe, kisha vile viwili. Akaanza kutabasamu, masharubu yake yakiwa tena na utando wa maziwa. Chepchirchir, aliyesimama mlangoni na bega lake kwenye bega la mumewe, alielewa wakati huo huo, akajiziba mdomo kwa leso.

"Sasa huwezi kugombana na nyumba hii," Kogo akasema, akimsindikiza kwa hatua zake fupi hadi kwenye ua. "Hujageuza. Urudi kunitembelea, mwanangu. Uje Jumamosi, uje na mvua, uje utakavyo. Na kila ukija, ubakize kidogo."